Sababu ya Kukaa

Siku ya soko mjini Moshi, mwaka 1952, lori la kahawa lilisimama katikati ya watu bila sababu yoyote ambayo Mwantumu binti Seleman aliweza kuiona. Mbele yake hapakuwa na gari, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa hata na kuku. Nyuma yake palikuwa na mkokoteni wa Rajabu, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kanzu kumi na mbili nyeupe za harusi ya Bomang'ombe, ambazo Mzee Seleman na binti yake walizishona kwa majuma mawili. Rajabu alikaza miguu, akaegemea nyuma, lakini mkokoteni haujui breki. Ukaligonga lori mgongoni, shuka iliyofunga mzigo ikafunguka, na kanzu zote kumi na mbili zikamwagika kwenye vumbi jekundu.

Mwantumu alishika kiuno. Siku hiyo alikuwa amejifunga kanga mpya ya rangi ya manjano, amesuka nywele mistari minane, na alikuwa ametoka nyumbani Njoro akiwa na furaha. Furaha yote ikaishia pale.

"Wewe dereva," aliita. "Umesimamia nini?"

Dereva alishuka. Alikuwa kijana mrefu, maji ya kunde, shati lake la kaki limefungwa vifungo mpaka kooni, na kichwani ana kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, ambayo vumbi la mji lilikuwa halijathubutu kuigusa. Aliinua kidole, akaonyesha kibao chekundu juu ya nguzo.

"Kibao kinasema nisimame, bibie."

"Kibao kina macho? Kimeona gari linakuja?"

"Hakina macho. Ndiyo maana hakipendelei mtu."

"Na hizi kanzu? Harusi ni keshokutwa. Nikamwambie baba kwamba kibao kilisema?"

Dereva aliinama, akaanza kuziokota moja moja, kila moja akiikung'uta kwanza. "Mngeacha nafasi," alisema kwa upole. "Sheria inataka gari la nyuma liache nafasi."

"Mkokoteni nao ni gari?"

"Una magurudumu."

Rajabu akaangua kicheko. Mwantumu alimtazama kwa jicho lililomfanya akimeze. Lakini dereva alikuwa amekwisha zikunja kanzu zote mkononi, na alikuwa akisema kwamba angezifua yeye mwenyewe na kuzirudisha kesho adhuhuri.

"Nitajuaje kama hutakimbia nazo?"

"Nitakimbilia wapi, bibie? Namba ya gari ipo mbele na nyuma, na imeandikwa ikasomeka."

Kesho yake adhuhuri alikuja kwenye baraza la duka la vitambaa ambapo Mzee Seleman alikuwa ameweka vyerehani vyake viwili. Kanzu zilikuwa zimefuliwa, zimetiwa wanga, zimepigwa pasi mpaka zinasimama, na katika kila mkunjo pana karafuu mbili tatu. Mzee Seleman, ambaye hakuwa na desturi ya kumsifu mtu, aliinua moja akaitazama mwangani.

"Nani amepiga pasi?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umejifunzia wapi kazi hii?"

"Kwetu Ngazija. Mama alizaa wanaume watupu, na hakutaka kufua peke yake. Naitwa Alawi."

Mwantumu aliinamia cherehani kana kwamba hakusikia. Lakini jina alilishika, na mchana ule alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, mara mbili.

Basi mambo yakaanza. Kila siku saa nne asubuhi simu ya duka ililia. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyependa habari za watu kuliko vitambaa vyake, aliipokea, akasikiliza, akamwita Mwantumu kwa mkono, kisha akajifanya anapanga majora karibu kabisa na simu.

"Duka lina kitambaa cha marekani?" Alawi aliuliza kutoka gereji ya malori.

"Marekani ipo."

"Na yule anayeishona, amekunywa chai?"

"Amekunywa. Anauliza dereva leo amesimama mara ngapi."

"Mara kumi na nne."

"Na moyo wake je, umesimama?"

"Huo haujasimama tangu siku ya kanzu. Huo hausikii kibao."

Mwantumu alimpa jina, Bwana Kibao, na alilitumia kwa kila namna: kwa kumdhihaki, kwa kumbembeleza, na kwa kumwita akiwa upande wa pili wa barabara, maana Alawi alikuwa havuki mpaka atazame kulia, kushoto, halafu kulia tena. Alisimama kwenye njia panda tupu. Aliwasha taa za lori jua likiwa bado halijazama vizuri. Wapakiaji wa kahawa walimcheka waziwazi, na Mwantumu naye alicheka pamoja nao, mpaka Alhamisi moja jioni Alawi alipomsindikiza kuelekea Njoro akatoa mfukoni kopo la tumbaku. Ndani hamkuwa na tumbaku. Mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwa kipande cha mpira.

"Mimi ni mtu wa Mfaransa," alisema. "Visiwa vyetu amevishika yeye. Hapa nipo kwa ruhusa. Kila mwaka naomba, na kila mwaka wananiandikia: mwaka mmoja, awe na mwenendo mwema. Nilikuja na mwenzangu mmoja. Alikamatwa na baiskeli isiyokuwa na taa, akapelekwa kortini, akahukumiwa, yakaisha. Kibali kilipokwisha, wakamwambia hana mwenendo mwema. Alikuwa na nyumba Shirimatunda, na migomba aliyoipanda mwenyewe. Akaondoka na sanduku moja."

"Kwa taa ya baiskeli?"

"Kwa taa ya baiskeli."

Mwantumu alisikia uso unamwaka kwa ajili ya mtu ambaye hakupata kumwona. "Wewe umekaa miaka mingapi?"

"Saba."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umeshika jembe miaka saba, bado ni mgeni?"

"Jembe wamenipa," Alawi alisema. "Kiti ndicho bado."

Tangu siku hiyo Mwantumu hakucheka tena Alawi aliposimama. Alianza badala yake kuwatazama wale wasiosimama. Palikuwa na Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko juu, ambaye watu walimwita Bwana Vumbi kwa sababu ndilo alilowaachia kila alipopita. Hata Mwingereza hakuwa. Alitoka nchi nyingine ya Ulaya ambayo watu walisikia tu kwamba vita viliimaliza, na kama alikuwa na leseni, basi ilikuwa ya nchi hiyo. Aliendesha katikati ya barabara, jioni bila taa, mkono mmoja nje ya dirisha. Mwezi wa tano alipita sokoni mbio, akamwangusha mama mmoja muuza ndizi aitwaye Dominika, akamvunja kifundo cha mguu. Askari aliyekuwa pale alimpigia saluti. Dominika alibebwa na wanawake wenzake kwa machela ya kanga, na yule bwana aligeuza shingo mara moja tu, kuona kama gari lake limepata mkwaruzo.

"Na yule si mgeni?" Mwantumu alimwuliza Alawi. "Yule naye hakuzaliwa hapa. Kibali chake kiko wapi?"

"Yule ni mgeni wa kukaribishwa, roho yangu. Mimi ni mgeni wa kuruhusiwa."

Walikuwa wamekwisha patana. Mwezi wa nane, kibali kikishapigwa muhuri mpya, Alawi angewatuma wazee kwa Mzee Seleman kuleta posa. Hakutaka kuoa akiwa na mguu mmoja nje. Lakini katikati ya mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, mtu alishuka kutoka Kibosho na habari kwamba Bibi Bernadetha amebanwa na kifua, hali chakula, na anamwita mjukuu wake.

Bibi Bernadetha alikuwa mama mzazi wa marehemu mama yake Mwantumu. Alikuwa Mkristo wa misheni, na binti yake alipomfuata fundi cherehani Mwislamu mjini, alilia mwaka mzima. Binti alipofariki, bibi ndiye aliyemchukua Mwantumu akiwa mchanga, akamlea katika kihamba chake, shamba la ukoo, chini ya migomba mpaka alipofika miaka kumi. Mwantumu hakuwa na mama mwingine wa kumjua.

Aliacha mkasi juu ya kitambaa, akakimbia mpaka ghala la kahawa. Lori la Alawi lilikuwa tupu, limeelekea mlimani, injini inanguruma.

"Nipandishe," alisema huku anahema. "Bibi yangu yu mahututi."

Alawi alizima injini, akashuka. Alimwangalia kwa huruma iliyomtia Mwantumu hofu kabla hajasema neno.

"Lori la mizigo halichukui abiria. Na pale kwenye kizuizi wapo askari tangu asubuhi."

"Nitalala chini ya magunia."

"Wanayainua, mpenzi. Ngoja, nimpe Basili funguo, apande yeye na lori. Mimi nitatembea nawe mpaka juu. Nitakubeba ukichoka."

"Saa tatu za kutembea! Na gari tupu linakwenda huko huko!"

"Wakinikamata leo, mwezi ujao sipo."

Basili, fundi wa gereji, alijifanya anatazama gurudumu. Mwantumu alisikia hasira ya miezi yote imempanda kooni, hasira ya Bwana Vumbi, ya Dominika, ya nyumba ya Shirimatunda, na kwa kuwa hao wenye makosa hawakuwepo, ikamshukia aliyekuwepo.

"Nyumba ikiwaka moto utangoja kibao kikupe ruhusa ya kumwaga maji," alisema. "Basi usiwepo. Rudi kwenu, mgeni wewe."

Ulimi hauna mfupa. Alawi alisimama pale na funguo mkononi, na uso wake ukafungwa kama vifungo vya shati lake. Mwantumu akageuka, akaanza kupanda mlima peke yake, analia na kufuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alipofika Kibosho alimkuta Bibi Bernadetha ameketi kitandani, amejifunga blanketi mbili, anakunywa mtori wa ndizi na kulalamika kwamba nyama ni kidogo. Homa ilikuwa imeshuka alfajiri. Mwantumu alikaa naye siku tatu, akimkanda kifua kwa mafuta ya moto, na siku ya tatu bibi akamwuliza kwa nini anapika huku anaangusha vyungu. Akamweleza yote. Bibi aliweka bakuli chini.

"Ulimwambia arudi kwao?"

"Nilikasirika, bibi."

"Sikukuuliza kama ulikasirika. Mwizi mtukane kwa wizi wake, mvivu kwa uvivu wake, maana anaweza kuacha. Ugeni mtu anauachaje? Umempiga mahali pasipo na mkono wa kujikinga." Alikohoa, akafuta mdomo. "Nenda kwenye ua wa kihamba ukate jani la isale. Lifunge fundo. Mpelekee."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Pale mlimani, aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la isale lililofungwa fundo, neno limekwisha. Hata aliyeuliwa ndugu huona tabu kulikataa, na anayelitupa, watu humwogopa, maana amejitoa mwenyewe kati ya watu. Mwantumu alichagua jani refu la kijani lisilo na doa, akalifunga, akashuka nalo mjini kifuani ndani ya nguo.

Kumkabidhi mkononi aliona haya. Alilikuta lori limesimama pembeni ya soko, Alawi yumo katika duka moja. Akalifunga isale mbele, kwenye chuma kinachoshika kibao cha namba, mahali ambapo Alawi alipafuta kwa leso kila siku na asingeweza kukosa kupaona. Kisha akaenda kujificha nyuma ya nguzo ya baraza la jirani.

Alawi alitoka. Alikuwa amekonda. Askari mmoja mwenye daftari alikuwa anakuja taratibu, akikagua gari moja moja. Alawi aliliona jani, limening'inia juu ya tarakimu mbili za namba yake. Alilinyofoa kwa haraka, akalitupa mtaroni, akatoa leso akapangusa kibao mpaka kikang'aa. Askari akapita. Alawi akapanda lori, akaondoka, bila kutazama kulia wala kushoto.

Mwantumu alishika nguzo. Kwanza alidhani ameona vibaya. Kisha hasira ikaja, na safari hii ilikuwa baridi. Amelitupa isale mtaroni, kwenye maganda ya ndizi! Hata adui halifanyii hivyo jani la mlima. Kesho yake saa nne simu ililia, mwenye duka akamwita kwa mkono.

"Duka lina marekani?" Sauti ya Alawi ilikuwa ndogo.

"Mwambie imekwisha," Mwantumu alimwambia mwenye duka kwa nguvu, ili isikike mpaka gereji. "Na haitaagizwa tena."

Simu haikulia siku kumi na mbili. Mwantumu alishona, akafumua, akashona. Siku ya kumi na tatu, saa tisa alasiri, Rajabu alifika barazani kwa baiskeli ya kuazima, akaketi ngazini akijipepea.

"Dada Mwantumu, mwenzetu hukwenda kumuaga?"

"Nani?"

"Alawi. Anakwenda zake. Anasema wewe ndiye uliyemwambia arudi kwao, akapiga simu kuomba suluhu, ukamfungia mlango. Anasema watu wa ofisini hawakumfukuza miaka yote saba, lakini wewe umemfukuza siku moja."

"Mimi nimemfungia mlango?" Mwantumu alisimama, kitambaa kikamwanguka mapajani. "Nilimpelekea isale, Rajabu. Akalitupa mtaroni, mimi nikiona."

Rajabu alimkodolea macho. "Mngazija atajua isale amefundishwa na nani? Lile jani alinisimulia mimi. Alisema majani yalinasa kwenye namba, kidogo askari amwandike kwa kuficha namba, akaniuliza kama huku mlimani mbuzi huachwa wakala juu ya magari."

Mwantumu aliketi, halafu akasimama tena. Alimjua mwanamume huyu. Alimjua kuliko alivyoijua cherehani yake. Sheria zote zilizobandikwa ukutani alizifuata, na yeye alikuwa amemhukumu kwa sheria ambayo hakuna aliyepata kumbandikia. Aliingia dukani bila kuomba ruhusa, akainua simu, akaomba gereji.

"Basili, ni mimi. Nipe Alawi."

"Amekabidhi funguo asubuhi," Basili alisema. "Yuko stesheni. Treni ya Tanga, saa kumi na moja."

"Na kibali?"

"Kinakwisha leo. Amesema ataondoka kikiwa hai, asije akaitwa mhalifu."

Mwantumu alimkuta ameketi juu ya sanduku lake, chini ya saa ya stesheni, kofia nyeupe, vifungo mpaka kooni, tiketi ameishika kwa vidole viwili. Alawi alimwona, akasimama kwa adabu, kama vile angesimama kwa mama wa mtu mwingine.

"Lile jani," Mwantumu alisema, hana pumzi. "Lile ulilolitupa. Mbuzi anaweza kufunga fundo?"

Alawi alifikiri. "Lilikuwa na fundo," alisema polepole.

"Nililifunga mimi. Kwetu ndiyo kuomba radhi. Ukilipokea, yamekwisha. Ukilitupa…"

Hakumaliza. Alawi alikuwa ameshika kichwa. "Mwantumu, kila kibao cha nchi hii nimekisoma. Hilo halikuandikwa popote."

"Halikuandikwa. Ndiyo maana nimekuja na mdomo wangu." Watu walikuwa wanatazama, wachukuzi na akina mama wenye vikapu, naye akaacha watazame. "Nisamehe. Nilikuambia urudi kwenu. Kwenu ni hapa nilipo, na nilikuwa nalijua hilo hata nilipokuwa nakutukana. Nakupenda, na nimekosa."

Alawi alitazama tiketi, akamtazama yeye, na macho yake yakalowa. "Nimekusamehe siku ile ile," alisema. "Nilichokosa ni mahali pa kukaa na huo msamaha." Kisha akageuza shingo kuitazama saa ya stesheni, akashtuka. "Ofisi ya vibali inafungwa saa kumi. Kikiisha leo, hakifufuki."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Rajabu alikuwa amemfuata Mwantumu na baiskeli, akawasukumia.

"Haina kengele," Alawi alisema.

"Alawi."

"Na watu wawili juu ya baiskeli moja hawaruhusiwi."

Mwantumu alimtazama, na katikati ya haraka yote ile akacheka mpaka akashika mbavu. Alivua viatu, akakunja kanga, na wakakimbia. Walikatiza mji mzima kwa miguu, binti wa Mzee Seleman kichwa wazi na mwanamume mwenye sanduku begani, na kwenye kila njia panda mwanamume akasimama, akatazama kulia, kushoto, halafu kulia tena.

Mlangoni mwa ofisi gari la Bwana Vumbi lilikuwa limeegeshwa kukingama ngazi, ikabidi walizunguke. Ndani, Bwana Vumbi alikuwa amekalia pembe ya meza ya Mzungu wa ofisi, anavuta sigara, kofia kichwani, wanacheka. Karani, Mchagga mmoja mwenye miwani aitwaye Theodory, alikuwa akimwandikia. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika sita.

Mzungu wa ofisi aliinua macho. "Kesho," alisema kwa Kiswahili.

"Kesho kibali changu kitakuwa kimekufa, bwana," Alawi alisema.

"Kesho."

Mwantumu alifungua kinywa, lakini Alawi alikuwa amekwisha weka sanduku chini. Aliketi juu ya benchi, akaweka kopo la tumbaku magotini.

"Karani, tafadhali andika katika buku kwamba Alawi bin Mbae amefika saa kumi kasoro dakika sita. Sheria inasema aliyefika kabla ya kufungwa atapokewa. Imebandikwa nyuma yako. Ofisi ikifungwa, itafungwa nikiwa humu ndani, na hilo nalo liandikwe."

Hakupaza sauti. Mwantumu alimwona amelibana kopo kwa mikono yote miwili, na hakuinuka. Ndipo alipoelewa alichokiita woga miezi yote ile. Huyu alikuwa amesimama penye vibao vyote kwa miaka saba ili siku moja aweze kuketi hapa na asipatikane wa kumnyooshea kidole. Uchungu na fahari vilimpanda pamoja.

"Ndugu karani," alisema, na sauti yake haikuwa ndogo. "Huyo bwana anayeandikiwa sasa, kibali chake kiliisha lini?"

Theodory alikuwa karani mwaminifu. Aliulizwa jambo la buku, akatazama buku. "Mwaka juzi, mwezi wa tatu," akajibu, kabla hajafikiri.

Kicheko kilikatika. Bwana Vumbi alitazama sigara yake. Shingo ya Mzungu wa ofisi ilibadilika rangi kutoka kwenye kola kwenda juu. Mshale wa saa ukasogea.

"Mwandikie, Theodory," Mzungu wa ofisi alisema mwishowe. "Upesi."

Theodory alivuta karatasi mpya. Jina. Mahali alikozaliwa. Makosa ya barabarani: hakuna. Makosa mengine: hakuna. "Kazi?"

"Udereva," Alawi alisema, kisha akajirekebisha, maana ilikuwa karatasi ya serikali. "Hapana. Nimeiacha leo asubuhi. Sina kazi."

Kalamu ilisimama. Theodory alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Ndugu yangu, hapa pana mstari. Sababu ya kukaa nchini. Kila mwaka umeandika kazi. Bila kazi niandike nini?"

Mzungu wa ofisi alianza kuvaa koti.

"Andika mke," Mwantumu alisema.

Alawi aligeuka. "Mwantumu, hii ni karatasi ya serikali. Kinachoandikwa humu lazima kiwe kweli."

"Basi kifanye kweli."

"Sijaleta hata posa kwa mzee."

"Utaileta leo jioni. Mimi nakuuliza hapa mbele ya karani: ni kweli au si kweli?"

Alawi alivua kofia yake nyeupe, jambo ambalo hakupata kulifanya mbele ya mtu. "Ni kweli," alisema. "Ni kweli tangu siku ya kanzu."

"Jina la mke?" Theodory aliuliza.

"Mwantumu binti Seleman, wa Njoro," akajibu Mwantumu mwenyewe, "na uandike vizuri likasomeka."

Alawi alipewa mwaka mmoja, awe na mwenendo mwema. Bwana Vumbi alipewa mitano, na kofia hakuivua. Jioni ile Mzee Seleman alisikiliza habari yote akiwa na futi ya kupimia shingoni. Aliwapa mkono wa ridhaa kwanza, halafu akatukana kwa dakika nzima matusi ambayo binti yake hakujua kwamba anayajua, na halikuwapo hata moja lililomhusu Alawi.

Walioana mwezi ule ule. Na kila mwaka, siku kibali kinapokaribia kwisha, Mwantumu alivaa nguo yake nzuri akaenda na mumewe kuketi kwenye benchi lile, saa mbili asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa. Mwaka wa nne Theodory alikuwa amehamishwa. Karani mpya, kijana asiyewajua, alifika kwenye ule mstari, akauliza bila kuinua macho sababu ya mtu huyu kukaa nchini. Mwantumu akawabeba watoto wote wawili, akawaketisha juu ya meza yake, juu ya karatasi.